Bwana, mtumwa, wakala: lugha katika uso mpya wa Jenkins

Kila programu ya kompyuta ina uso wake. Wataalamu huuita kiolesura, yaani vile vitufe, rangi, picha ndogo na maneno ambayo mtumiaji anayaona na kuyagusa, huku mitambo yenyewe ikibaki imefichwa nyuma. Tukisikia kwamba uso wa programu fulani umefanywa wa kisasa, tunadhani ni shughuli ya mainjinia na wachoraji peke yao. Makala haya yanaeleza kwamba sehemu kubwa ya shughuli hiyo ni ya lugha, na kwa hiyo inatuhusu sisi tunaosoma lugha hapa Lualaba. Mfano wetu ni programu huria iitwayo Jenkins.

1. Jenkins inafanya nini

Anayetoka Tenke ataelewa upesi. Pale Tenke reli inayotoka Lubumbashi inagawanyika: njia moja inapanda kuelekea Bukama na Kamina, nyingine inakwenda Kolwezi na Dilolo hadi mpaka wa Angola. Gari moshi halijichagulii njia. Lazima awepo anayejua gari gani limefika, limebeba nini, njia gani iko wazi, na lipi lingoje.

Jenkins inafanya kazi ya namna hiyo kwa waandishi wa programu. Mwandishi mmoja akibadilisha mistari michache, Jenkins inayachukua mabadiliko hayo, inayaunganisha na kazi ya wenzake, inaijaribu programu nzima, kisha inairuhusu iendelee au inaisimamisha na kutoa taarifa. Yote hayo yanatendeka bila mtu kusimama kando. Kwa kuwa ni programu huria, yeyote anaruhusiwa kuisoma ilivyoandikwa, kuibadilisha na kuigawa.

Aliyeianzisha ni Kohsuke Kawaguchi, Mjapani aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Sun Microsystems, mwaka 2004. Wakati huo iliitwa Hudson. Oracle ilipoinunua Sun, ulitokea mgogoro kuhusu jina, na mwaka 2011 wengi wa watengenezaji wakaendelea na kazi yao chini ya jina la Jenkins. Majina yote mawili yanamkumbusha Mwingereza mtumishi wa nyumba za matajiri, na nembo ya programu ni mchoro wa mtumishi huyo akiwa amevaa tai ya kipepeo. Katika Kongo ya ukoloni mtu wa kazi hiyo aliitwa «boy». Kwa hiyo tangu mwanzo uso wa programu hii unazungumzia habari ya nani anamtumikia nani.

2. Jinsi uso ulivyobadilishwa

Kwa miaka mingi kurasa za Jenkins zilibaki karibu vile zilivyokuwa siku za mwanzo. Jaribio kubwa la kwanza lilikuwa Blue Ocean, iliyofikia toleo la 1.0 mwaka 2017. Ilikuwa uso wa pili uliowekwa kando ya ule wa zamani. Baadaye haikuongezewa uwezo mpya, na nguvu zikarudishwa kwenye uso wenyewe wa asili. Mwaka 2021 fomu zilizokuwa zimepangwa kwa majedwali zilipangwa upya, kazi iliyohitaji uangalifu mkubwa kwa sababu Jenkins ina viongezi zaidi ya 1,800 vilivyotengenezwa na watu mbalimbali, na vingi vilitegemea mpangilio ule wa zamani. Picha ndogo nazo zikachorwa upya.

Hayo ni mambo ya ufundi. Tuangalie sasa yale yaliyogusa maneno na alama.

3. Maneno mawili yaliyoondolewa

Jenkins inaweza kutawanya kazi kwenye mashine nyingi. Mashine moja inapanga, nyingine zinatekeleza. Katika Kiingereza cha mainjinia, ile ya kwanza iliitwa «master» na zile nyingine «slave». Toleo la 2.0 la mwaka 2016 lilibadilisha «slave» kuwa «agent», na mwaka 2020 jumuiya ya Jenkins ikachagua «controller» mahali pa «master».

Wako wanaosema hayo ni mambo ya Wamarekani na historia yao. Basi tuyatafsiri maneno ya kwanza kwa Kiswahili: bwana na mtumwa. Je, yanasomeka bila uzito huku kwetu? Bunkeya, mji mkuu wa Msiri, uko katika mkoa wetu wa Lualaba. Msiri alitoka Unyamwezi na kuujenga utawala wake juu ya biashara ya shaba, pembe za ndovu na watumwa, hadi alipouawa mwezi Desemba 1891. Njia za biashara hiyo ni miongoni mwa njia zilizoileta lugha ya Kiswahili katika nchi hii. Kisha ukoloni ukafika, na neno «bwana» likawa la kumwita Mzungu. Kwa hiyo maneno haya mawili yana kumbukumbu kwetu, na mfasiri ambaye angeyaandika juu ya kitufe kana kwamba ni majina ya vipuri tu asingeitendea haki lugha yake.

Lakini kuondoa neno ni nusu ya kazi. «Agent» tutalitafsirije? Dar es Salaam watasema «wakala», na msomaji wa kule atamfikiria kwanza yule anayepokea na kutoa pesa za simu. Msomaji wa Kolwezi, ambaye Kifaransa kimo ndani ya Kiswahili chake, analijua «agent» kuwa mfanyakazi aliyeandikishwa: agent wa Gécamines, agent wa reli. Kwake neno hili linafaa hata kuliko kwa Mwingereza, kwani mashine ile ni mfanyakazi kweli, inapewa kazi na inatoa taarifa.

4. Rangi na mawingu

Kwa muda mrefu kazi iliyofaulu ndani ya Jenkins ilionyeshwa kwa duara la buluu, na iliyoshindwa kwa duara jekundu. Watumiaji wengi walishangaa: kwa nini si kijani, kama taa za barabarani? Jibu liko katika lugha. Kijapani kina neno «ao», ambalo tangu zamani linachukua buluu pamoja na sehemu ya kijani, na taa ya kuruhusu magari huitwa kwa neno hilo. Kawaguchi aliweka rangi ambayo lugha yake ilimfundisha kuwa ndiyo ya «endelea». Kilitengenezwa hata kiongezi cha kugeuza buluu kuwa kijani, na katika uso mpya kijani ndiyo alama ya kawaida ya kufaulu.

Kiswahili nacho kina njia yake ya kugawa rangi. Nyeupe, nyeusi na nyekundu zina mashina yao. Nyingi ya zilizobaki tunaziazima kutoka kwa vitu: kijani kutoka majani, kijivu kutoka majivu, kahawia kutoka kahawa. Na katika ukanda wa shaba kijani ina maana ya ziada, kwa sababu malakiti, jiwe la kijani linaloonekana juu ya ardhi, ndilo lililowaonyesha wachimbaji wa kale mahali penye shaba.

Hali ya hewa ni ngumu zaidi. Jenkins inaonyesha afya ya mradi kwa picha: jua likiwa kazi za karibuni zimefaulu, mawingu na mvua zikianza kushindwa, radi zikiwa zimeshindwa karibu zote. Huko Ulaya jua ni siku njema. Kwa mkulima wa mahindi wa Tenke, anayemaliza miezi ya kiangazi akitazama juu, wingu zito la mwezi wa kumi na moja ni habari njema, na jua kali mwezi huo ni hasara. Picha, ambayo tunadhani haihitaji tafsiri, inaihitaji.

5. Kiswahili cha nani?

Maneno ya Jenkins hayakufungwa ndani ya mitambo. Yamewekwa katika mafaili ya pembeni, kila lugha na lake, na programu inafuata lugha ambayo kivinjari cha mtumiaji kimeiomba. Tafsiri ikikosekana, Kiingereza kinajitokeza, na hapo ndipo ukurasa unakuwa nusu Kifaransa, nusu Kiingereza. Kiswahili kina alama yake ya kimataifa, «sw», na Kiswahili cha Kongo kinatambuliwa kwa «sw-CD». Kwa upande wa ufundi, mlango uko wazi.

Ugumu uko katika sarufi na maana. Mainjinia wanapenda kuandika sentensi yenye tundu: jina lolote, kisha «failed». Kiingereza kinakubali. Kiswahili sanifu kinakataa, kwa kuwa kazi imeshindwa, chombo kimeshindwa, wakala ameshindwa, majaribio yameshindwa. Kiswahili cha Katanga, ambacho mara nyingi kinasema «kitu ile» bila kusumbuka na ngeli, kingeliziba tundu hilo kwa urahisi zaidi.

Maana ni hatari kubwa kuliko sarufi. Fikiri kitufe kilichoandikwa «Inatumika». Kwa msomaji wa Tanzania mashine hiyo imeshikwa na mtu, basi angoje. Kwa msomaji wa Lualaba, ambaye kwake kutumika ni kufanya kazi, mashine ni nzima, basi aendelee. Ama «Inaisha»: kule kazi inakaribia mwisho, kwetu, tunaosema «anaisha kufika» kwa mtu aliyekwisha fika, kazi imemalizika. Neno moja, amri mbili zinazopingana. Penye mitambo mikubwa jambo hilo si la darasani tu. Mgodi wa Tenke Fungurume ulitoka mikononi mwa Freeport-McMoRan ya Marekani kwenda kwa CMOC ya China mwaka 2016. Lugha za wakubwa zinabadilika, lakini wafanyakazi wengi wanaelekezana kwa Kiswahili.

6. Kazi yetu

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilisaidia kuleta OpenOffice.org kwa Kiswahili, kwa jina la Jambo. Kazi ya namna hiyo inaanza kwa orodha ya istilahi, na orodha ni kazi tunayofundishwa kila siku: kukusanya neno, kuuliza wasemaji wanalielewaje, kulilinganisha na la majirani, kisha kuamua. Maneno ya msingi ya Jenkins si mengi: kazi, foleni, wakala, jaribio, kushindwa, kungoja. Maneno ishirini yakijadiliwa vizuri kati ya Kolwezi, Fungurume na Tenke yangetosha kuanza. Tusipoyajadili sisi, yatachaguliwa na mtu asiyejua kwamba kwetu mashine inayotumika ni mashine inayofanya kazi.