Fundi Aliishiwa Kitambaa?

Desemba iliyopita nilirudi nyumbani Mkotokuyana na zawadi niliyoipania kuliko mtihani wowote wa muhula ule. Lilikuwa gauni jeusi la mtumba nililolipata Dar es Salaam. Lina bega moja, upande mmoja unaishia gotini na wa pili unaburuza chini, na tumboni kuna mkunjo mkubwa kama mfuko usiofunguka. Muuzaji aliapa kuwa ni la mbunifu wa Ulaya. Lebo ilikuwa imekatwa. Bei yake ilikula boom langu kiasi ambacho ningepata doti tatu za khanga na nauli ya bodaboda ikabaki.

Zawadi ilikuwa ya mama. Mnaotoka Nachingwea na Ruangwa mnaelewa mwezi wa 10 hadi wa 12 ulivyo kwetu: korosho zinaokotwa, zinapelekwa ghalani, mnada wa Runali unafanyika, na hela ikiingia ndiyo ada, ndiyo bati, ndiyo deni la dukani. Mama ameinamia mikorosho ile miaka yote niliyosoma. Nilitaka apate kitu ambacho hakuna mwanamke mwingine kijijini anacho. Basi akalifungua mbele ya watu. Bibi akalishika, akaligeuza mara mbili, akaniuliza kwa huruma kabisa: "Mjukuu wangu, fundi aliishiwa kitambaa?"

Watu wakacheka. Mama akasema ahsante mwanangu, akalikunja, likaingia sandukuni. Mimi nililala nimenuna.

Niliporudi chuo nikaanza kusoma kuhusu mavazi ya aina ile, nikagundua kwamba swali la bibi ndilo hasa wabunifu wale wanataka uulize. Wanaitwa wabunifu wa avangadi, neno la Kifaransa lililotoka jeshini, likiwa na maana ya kikosi kinachotangulia. Fundi wa kawaida anaanza na mwili wako: anapima kifua, kiuno, urefu, halafu anakata kitambaa kikufuate. Hawa wanaanza na swali. Je, nguo lazima iwe na mikono miwili? Lazima ionyeshe kiuno? Lazima ionekane imekwisha?

Mfano mzuri ni Rei Kawakubo wa Japani, mwenye kampuni ya Comme des Garçons. Alionyesha nguo zake Paris kwa mara ya kwanza mwaka 1981. Mwaka uliofuata alileta sweta jeusi lenye matundu kila mahali, kama limeliwa na panya. Matundu yale hayakuwa bahati mbaya. Skrubu za mashine ya kufuma zililegezwa makusudi ili ikosee, na yeye akasema ile ni lesi yake. Mwaka 1997 akatoa magauni yaliyoshonewa mito ndani, mgongoni na kwenye nyonga, mpaka mvaaji anaonekana ana vinundu. Watu wengi walichukia. Lakini mwaka 2017 jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, lilimfanyia maonyesho yake peke yake, jambo ambalo kwa mbunifu aliye hai lilikuwa limefanyika mara moja tu kabla yake, kwa Yves Saint Laurent mwaka 1983. Nyinyi mnaovaa fulana za moyo mwekundu wenye macho mawili, hizo zinazojaa mitaani, nyingi zikiwa feki: moyo huo ni wa kampuni yake. Na hapo ndipo biashara ilipo. Sweta la matundu hununuliwa na wachache. Fulana, manukato na pochi ndivyo watu wa kawaida wanavyonunuliana sikukuu, ili kila mmoja apate kipande kidogo cha lile jina.

Bei inatokana na nini, basi? Kuna saa nyingi za kazi ya mkono, kuna majaribio yaliyoharibika kabla ya moja kufaulu, kuna nguo kutolewa chache. Na kusema kweli, sehemu nyingine ya bei ni jina tu. Ukikata lebo, kama lilivyokatwa gauni langu, unabaki na kitambaa na wazo. Wazo likimfikia mpokeaji, umetoa zawadi ya fahari. Lisipomfikia, umempa gauni la fundi aliyeishiwa kitambaa.

Mtu aliyenirudisha nyumbani kimawazo ni Mjapani mwingine, Issey Miyake, aliyefariki mwaka 2022. Alikuwa na hoja moja iliyomsumbua maisha yake yote: kitambaa kimoja na mwili mmoja, bila kukata sana. Nguo zake za marinda, zilizoanza kuuzwa kwa jina la Pleats Please mwaka 1993, zinashonwa kwanza zikiwa kubwa karibu mara tatu ya kipimo, ndipo zinakunjwa na kubanwa kwa joto kati ya karatasi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 akaenda mbali zaidi: mashine inatoa bomba refu la kitambaa, gauni likiwa limekwishachorwa ndani yake, na mnunuzi anachukua mkasi anakata mwenyewe. Dunia ikashangaa.

Nami nikajiuliza, jamani, kitambaa kimoja cha pembe nne, kinauzwa bila kukatwa, kinamaliziwa na mnunuzi, kinavaliwa kifuani, kiunoni, kichwani, kinambeba mtoto. Si ndiyo khanga? Wanawake wa Zanzibar na Mombasa walianza kuunganisha leso kuwa vazi moja karne ya 19, hata kabla Kawakubo na Miyake hawajazaliwa. Khanga ina pindo kuzunguka, mji katikati, na jina, yaani yale maandishi, ambayo zamani yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Na hao Wajapani si wageni kwenye habari hii, maana kwa miaka mingi khanga zetu nyingi zilichapwa kwao.

Hata hivyo, usidhani khanga ni zawadi rahisi. Gauni la avangadi linauliza swali, lakini khanga inasema, na ukikosea jina umetukana. Niliwahi kumpelekea mama mdogo doti kwa kupenda rangi tu, zambarau na njano, sikusoma maandishi. Iliandikwa "Wivu wako hauniumizi". Alikaa miezi miwili hanipigii, akidhani nimetumwa na mtu. Ungemweleza vipi kwamba mwanachuo mzima hakusoma?

Gauni halikuoza sandukuni. Mwezi wa 6 kulikuwa na harusi Ruangwa, na mama alilivaa. Khanga moja alijifunga kiunoni kufunika ule upande mfupi, ya pili akaitupia lile bega lililo wazi. Dada alinitumia picha. Sijawahi kuona nguo imevaliwa vizuri vile, na bibi, aliyekaa pembeni yake, anaonekana ameridhika.

Mwaka huu nimenunua doti. Nimesoma jina kwanza: "Nani kama mama". La kawaida, najua, lakini halimtukani mtu. Nimeangalia kama wino umeshika upande wa pili, na kama pindo halikupotoka. Khanga huuzwa mbili zikiwa zimeungana na kingo zake mbichi, na wengi hutoa hivyo hivyo, mpokeaji akajitafutie fundi. Yangu nimeikata, iko kwa fundi hapa jirani na hosteli, inapindwa. Naichukua Ijumaa kabla ya kupanda basi.