Chembe za CERN kwa bando la soo

Tanua kiganja chako kama mtu anayengoja chenji kwa makanga. Hesabu polepole hadi kumi. Katika muda huo, chembe kama kumi hivi zimepita kwenye kiganja hicho, zikapenya ngozi, nyama na mfupa, kisha zikaendelea na safari yao kuingia ardhini. Hujahisi kitu, na zimekuwa zikikupitia hivyo tangu uzaliwe.

Zinaitwa muoni. Huzaliwa juu sana angani, pale miale kutoka anga za mbali inapogonga hewa inayotuzunguka. Ukiwa Kibra au Karen, zinakupitia sawa tu. Hazijui landlord wako ni nani.

Nimeanza na kiganja kwa sababu kila nikitaja fizikia ya chembe kwa wasee wa mtaa, jibu huwa moja: "Buda, hiyo ni ya wazungu wa Uswisi. Sisi tutafute unga kwanza." Naelewa. Mimi mwenyewe niliacha chuo mwaka wa pili karo iliponilemea, na leo riziki yangu ni kuandika na kurekebisha tovuti za watu. Lakini nimegundua kitu ambacho hakuna mwalimu aliyeniambia: vifaa vya sayansi hii, ile ya mabilioni, vingine viko wazi kwa yeyote mwenye simu na bando la soo. Shida ni kwamba wengi wetu tulishaambiwa tugeuke kabla ya kufika mlangoni.

Mashine yenyewe iko aje?

CERN ni maabara iliyoanzishwa mwaka wa 1954 kwenye mpaka wa Uswisi na Ufaransa, karibu na jiji la Geneva. Chini ya ardhi, kama mita 100 hivi, kuna handaki la mviringo lenye urefu wa kilomita 27. Ukitoka katikati ya Nairobi kwa Thika Road, umbali huo unakufikisha maeneo ya Ruiru. Ndani ya handaki hilo ndimo iliko mashine inayoitwa LHC.

Kazi yake ukiisema kwa maneno machache ni rahisi: kuchukua protoni, kuziharakisha hadi zikaribie kasi ya mwanga, kisha kuzigonganisha uso kwa uso. Protoni moja huzunguka handaki lote zaidi ya mara 11,000 kwa sekunde moja. Ili zisitoke nje ya njia kwenye kona, kuna sumaku kubwa 1,232, kila moja ikiwa na urefu wa mita 15 na uzito wa tani 35. Sumaku hizo hupozwa kwa heliamu hadi nyuzi 271 chini ya sufuri. Hiyo ni baridi kuliko anga za juu zenyewe.

Kwa nini ugonganishe vitu? Kwa sababu nishati inaweza kugeuka kuwa uzito. Zikigongana kwa nguvu ya kutosha, hapo hapo huzaliwa chembe ambazo hazipatikani kirahisi duniani. Ndivyo chembe ya Higgs ilivyopatikana. Peter Higgs na wenzake walikuwa wameieleza kwenye karatasi mwaka wa 1964. Ilitangazwa kuonekana tarehe 4 Julai 2012. Miaka 48 ya kungoja! Mwaka uliofuata, Higgs na François Englert wakapewa Tuzo ya Nobel.

Na usidhani hii ni kazi ya maprofesa pekee. Mwezi Septemba 2008, siku chache tu baada ya LHC kuwashwa mara ya kwanza, kiungo kimoja cha umeme kati ya sumaku mbili kiliharibika. Heliamu ikamwagika kwa nguvu, sumaku zikang'oka mahali pake, na mashine ikalala zaidi ya mwaka mmoja. Kumbe sayansi yote hiyo ilikuwa inategemea kazi safi ya kuunganisha waya. Fundi wa umeme na welda wana nafasi yao kwenye ugunduzi sawa na mtu wa hesabu.

Chembe haionekani, nyayo zake zinaonekana

Swali ambalo binamu yangu wa Gredi ya 10 aliniuliza ndilo swali la maana kuliko yote: "Kama ni ndogo hivyo, wanaionaje?"

Hawaioni. Wanasoma alama ilizoacha. Fikiria polisi wa trafiki anayefika baada ya ajali. Hakuwepo ilipotokea, lakini anapima alama za tairi, anaangalia vioo vilipoangukia, na mwisho anakuambia gari gani lilitoka wapi na lilikuwa na kasi gani.

Kifaa cha zamani cha kazi hii kilibuniwa na Mskochi, Charles Wilson. Mwaka wa 1894 alikuwa kwenye mlima Ben Nevis akishangaa mawingu, akaamua kutengeneza mawingu yake ndani ya chombo. Baadaye ikaonekana kwamba chembe yenye chaji ikipita kwenye mvuke huo huacha mstari mwembamba mweupe, kama ule wa ndege angani. Kwa kifaa cha aina hiyo, Carl Anderson alinasa positroni mwaka wa 1932. Chukua jina hilo uliweke mfukoni, tutalirudia.

Leo ditekta za CERN ni kubwa kama majengo. Ile inayoitwa ATLAS ina urefu wa mita 46. Mwenzake, CMS, ana uzito wa tani 14,000. Zimepangwa kwa tabaka. Tabaka la ndani la silikoni hufuata njia ya kila chembe huku sumaku ikiipinda, na kadiri njia inavyopinda ndivyo unavyojua kiasi cha mwendo wake. Tabaka la katikati, kalorimita, huimeza chembe na kupima nishati yake. Zile muoni za kiganjani mwako hazimezwi kirahisi, kwa hivyo tabaka la nje kabisa limewekwa kwa ajili yake.

Makundi ya protoni hukutana kama mara milioni 40 kwa sekunde. Hakuna kompyuta ya kuhifadhi yote hayo. Kwa hivyo kuna mfumo unaoamua papo hapo kipi kibaki na kipi kitupwe, na karibu vyote hutupwa. Wewe huscroll TikTok ukitafuta video moja ya maana. Huo mfumo hufanya hivyo kwa kasi isiyo ya kawaida, na ukikosea kutupa, ugunduzi umeenda.

Fungua faili mwenyewe

Sasa hapa ndipo bando linaingia. Tangu mwaka wa 2014 CERN ina tovuti ya data huria. Hizo si picha za kuvutia watalii. Ni data ya migongano iliyofanyika kweli, ambayo wanasayansi walitumia, na sasa iko hapo bure. Hakuna anayekuuliza cheti.

Kwa anayeanza, tafuta data ya CMS yenye migongano iliyotoa muoni mbili. Kuna faili lenye matukio 100,000 ambalo halizidi video chache za WhatsApp. Huhitaji kompyuta ya nguvu. Google Colab hukuwezesha kuandika Python kwenye brauza, hata ya simu, ingawa kioo kidogo kitakuchosha macho.

Kila mstari wa faili ni mgongano mmoja. Umepewa nishati ya muoni ya kwanza na ya pili, pamoja na momenta zake, yaani kiasi cha mwendo wa kila moja kuelekea kila upande. Jumlisha nishati zote mbili, jibu lizidishe kwa lenyewe. Jumlisha momenta upande kwa upande, kila jumla izidishe kwa yenyewe, kisha uziunganishe. Toa jibu hilo la pili kutoka kwa lile la kwanza, halafu tafuta kipeuo cha pili. Ulichopata ni uzito wa chembe mama iliyovunjika ikazaa muoni hizo. Hiyo ni hesabu ya sekondari, si uchawi.

Fanya hivyo mara 100,000 (kompyuta inachukua sekunde tu), kisha chora histogramu. Utaona mteremko mrefu, na juu yake vilima vinavyochomoza. Kimoja kiko kwenye 3.1, kwa kizio kinachoitwa GeV. Hicho ni J/psi, chembe iliyogunduliwa mwaka wa 1974 na kuleta Nobel miaka miwili baadaye. Karibu na 9.5 kuna upsiloni, ya mwaka wa 1977. Na mwisho kabisa, kwenye 91, kuna kilima cha Z, chembe yenye uzito wa karibu protoni 97, iliyogunduliwa CERN mwaka wa 1983. Nobel nyingine hiyo, ya 1984.

Binamu yangu aliangalia kilima cha mwisho, akanyamaza kidogo, akauliza: "Kwani hii ni ya kweli ama ni mfano wa kitabu?" Ni ya kweli. Nadhani hapo ndipo fizikia ilibadilika kwake, kwa sababu kila kitu alichowahi kufundishwa kilikuwa na jibu nyuma ya kitabu.

Ukishazoea, kuna ROOT, programu ambayo wanafizikia wa chembe wamekuwa wakiitumia tangu miaka ya tisini. Nayo ni ya bure. Na kama unadhani ukarimu huu ni mpya, kumbuka Tim Berners-Lee alibuni wavuti akiwa CERN mwaka wa 1989, na mwaka wa 1993 maabara ikaiachilia dunia nzima itumie bila malipo. Kazi yangu mimi ya tovuti imetoka kwenye maabara ya chembe.

Tayari iko hospitalini

"Sawa, lakini hiyo italeta chapati?" Toa sasa ile positroni mfukoni.

Hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta na ile ya Aga Khan jijini Nairobi zina mashine za PET za kutafuta saratani mwilini, na kila moja ina saiklotroni, ambayo ni ndugu mdogo wa LHC. Saiklotroni huharakisha protoni ili kutengeneza florini-18. Florini hiyo huunganishwa na sukari, mgonjwa anadungwa, na seli za saratani zinazopenda sukari zinaivuta. Florini ikivunjika hutoa positroni, positroni inakutana na elektroni, zote mbili zinatoweka na kutoa miale miwili inayokimbia pande tofauti. Ditekta zilizomzunguka mgonjwa zinanasa miale hiyo na kuonyesha uvimbe uko wapi. Kusoma nyayo, tena.

Nusu ya florini-18 huisha kila baada ya dakika 110 hivi. Huwezi kuiagiza kutoka mbali na kuiweka stoo. Lazima itengenezwe karibu na mgonjwa, na watu wanaoielewa. Familia nyingi hapa zinajua maana ya kuchangisha pesa kupeleka mtu India. Kwa hivyo msichana anayeambiwa na marafiki aache fizikia kwa sababu ni ngumu haachi somo tu. Tunapoteza mtu ambaye angesimama kwenye ile mashine.

Tusidanganyane

Data huria haikupi digrii. Nimechora vile vilima, lakini hakuna hospitali itakayoniruhusu nishike saiklotroni kwa sababu ya histogramu, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Hesabu pia haina njia ya mkato: bila aljebra, kalkulasi na takwimu, utafika mahali ukwame. Na kuna mambo ambayo bando halitatui, kama shule ambazo maabara yake ni kabati lenye kufuli.

Ila milango ipo, na mingine ni ya Waafrika wenyewe. Shule ya Fizikia ya Afrika, iliyoanza Afrika Kusini mwaka wa 2010, huzunguka bara hili ikifunza wanafunzi wa vyuo. Mmoja wa waanzilishi wake ni Ketevi Assamagan, mwanafizikia wa ATLAS mwenye asili ya Togo. Mwaka wa 2016 ilikuwa Kigali. Huko Kigali pia kuna taasisi ya ICTP ya Afrika Mashariki, ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda, inayotoa masomo ya uzamili na uzamifu katika fizikia. Kwa bas, hapo ni safari ya usiku na mchana tu.

Kwa walio chuoni, CERN ina mpango wa wanafunzi wa likizo unaopokea watu kutoka nchi yoyote, na hulipia safari na matumizi. Kwa walio sekondari kuna shindano la Beamline for Schools: timu inaandika jaribio inalotaka kufanya, na washindi wanapelekwa kulifanya kwa mashine halisi. Kinachohitajika kwanza ni wazo zuri na mwalimu mmoja wa kuwasimamia.

LHC inaboreshwa ili itoe migongano mingi zaidi, na mashine hiyo mpya inatarajiwa kuanza kazi karibu mwaka wa 2030. Piga hesabu. Aliye Gredi ya 10 leo atakuwa chuoni wakati huo. Mtu fulani wa rika lake, kutoka mahali fulani, atakuwa wa kwanza kuona kilima ambacho hakijawahi kuonekana kwenye histogramu yoyote.

Kama una ndugu mdogo anayechagua masomo wiki hii, kabla hujamwambia fizikia ni ngumu, mpe simu yako kwa saa moja. Mwonyeshe kilima cha 91. Halafu mwache aamue mwenyewe.