Mlo wa keto na vipimo vya maabara
Mlo wa keto (pia: mlo wa ketojeni) ni ulaji wenye mafuta mengi na wanga kidogo sana, kwa kawaida chini ya gramu 50 kwa siku. Ulipendekezwa mwaka 1921 na daktari Mmarekani Russell Wilder kwa ajili ya wagonjwa wa kifafa. Siku hizi wengi huufuata ili kupunguza uzito. Mkoani Dodoma, penye ugali wa uwele na mtama, maana yake ni kuacha chakula chenyewe na kubaki na mboga.

Wanga ukikosekana, ini huvunja mafuta na kutoa ketoni, nazo huonekana katika kipimo cha mkojo. Kwa mtu mwenye afya huo si ugonjwa. Kwa mgonjwa wa kisukari, hasa anayetumia insulini, ketoni nyingi huweza kuashiria ketoasidosisi, yaani damu kuzidi asidi, hali inayoua. Kijiti cha mkojo peke yake hakitofautishi mambo hayo mawili, hupimwa damu. Hata sukari isiyopanda sana haitoshi kumtuliza mtu, kwa kuwa dawa kama empagliflozini huweza kuleta hali hiyo sukari ikiwa karibu na kawaida. Ndiyo maana mpimaji aambiwe mapema mgonjwa anakula nini na anameza dawa gani.

Trigliseridi kwa kawaida hushuka. Lehemu mbaya (LDL) hupanda kwa baadhi ya watu, pengine sana. Asidi ya yuriki huweza kupanda wiki za mwanzo, jambo zito kwa mwenye jongo.