Je, gemu moja ifungiwe mashine moja?

Msikilizaji mpendwa, hebu tuseme umekwenda dukani leo ukanunua redio mpya. Umefika nyumbani, umetia betri, umeiwasha, na ukagundua kwamba inakamata kituo kimoja tu. Jumamosi imefika, mpira unatangazwa na kituo kingine. Unamrudia muuza duka, naye anakujibu bila kuona haya kwamba ukitaka kusikiliza mpira ununue na redio ya kampuni ile nyingine. Bila shaka utaona umechezewa shere.

Katika michezo ya video, au gemu kama vijana wanavyoiita, jambo hilo ndilo desturi ya biashara, na limekuwa hivyo kwa miaka mingi. Wanaotawala biashara ya mashine hizi za kuunganisha na televisheni ni kampuni tatu: Nintendo na Sony za Japani, pamoja na Microsoft ya Marekani. Nintendo inauza Switch, Sony inauza PlayStation, na Microsoft inauza Xbox. Kila moja imekuwa na gemu zake ambazo hazichezeki kwenye mashine ya mwenzake. Mtoto anayemtaka Mario, yule fundi bomba mwenye masharubu, kwenye mashine ya televisheni, sharti anunuliwe ya Nintendo. Hakuna njia nyingine ya halali.

Hata hivyo, ukuta huo umeanza kupata nyufa. Mwezi Oktoba 2025 Microsoft ilitangaza kwamba Halo, gemu iliyozinduliwa pamoja na Xbox ya kwanza Novemba 2001 na ndiyo iliyoipa mashine hiyo jina, itatengenezwa upya na kupelekwa pia kwenye PlayStation 5. Kwa wapenzi wa gemu, ilikuwa kama kusikia kwamba Simba imewaazima Yanga mfungaji wake bora. Swali la wiki hii, basi, ni hili: je, ni haki kwa mtengenezaji wa mashine kuifungia gemu nyumbani kwake?

Kabla ya kutoa hukumu ni vema tujue kufuli hili lilitoka wapi. Mwaka 1979 baadhi ya watengenezaji wa gemu wa kampuni ya Atari ya Marekani walitoka wakaanzisha kampuni yao, Activision. Wao ndio waliokuwa wa kwanza kutengeneza gemu kwa ajili ya mashine ya kampuni nyingine. Atari iliwashtaki, na shauri likamalizika kwa mapatano mwaka 1982. Tangu hapo mlango ukawa wazi, wakaingia wanaojua kazi na wasioijua. Maduka yakafurika gemu mbovu, wanunuzi wakachoka kutapeliwa, na mwaka 1983 soko la Marekani likaporomoka.

Nintendo ilipoingia Marekani mwaka 1985 ilikuwa imelishika somo hilo. Ndani ya mashine yake kulikuwa na kidude cha elektroniki kilichokagua kila kaseti ya gemu. Kaseti isiyotambuliwa haikucheza. Tena, kampuni ya nje iliyopewa kibali iliruhusiwa kutoa gemu tano tu kwa mwaka, na gemu iliyotolewa kwa Nintendo haikuruhusiwa kupelekwa kwenye mashine nyingine kwa muda wa miaka miwili. Utaona, msikilizaji, kwamba kufuli lile lilikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kumlinda mnunuzi dhidi ya gemu mbovu. Ya pili ilikuwa kumnyima mpinzani bidhaa ya kuuza. Kampuni hupenda kutueleza ile kazi ya kwanza, lakini ile ya pili ndiyo iliyodumu.

Sababu ya kudumu kwake imo katika hesabu za biashara yenyewe. Mashine hizi aghalabu haziuzwi kwa faida kubwa, na nyingine huuzwa kwa hasara. Mwaka 2021, katika kesi ya Epic na Apple huko California, ofisa mmoja wa Microsoft aliieleza mahakama kwamba kampuni yake haijawahi kupata faida kwa kuuza mashine ya Xbox yenyewe. Faida hutoka kwenye gemu. Kila gemu ya kampuni nyingine inapouzwa katika duka la mashine hiyo, mwenye mashine hukata fungu lake, ambalo kwa kawaida ni kama asilimia 30. Kwa hiyo shabaha ya kila kampuni ni kukuingiza nyumbani mwake. Ukishaingia, kila utakachonunua humo kinampa yeye chake. Ile gemu isiyopatikana kwingine ni chambo cha kukuvuta upite mlangoni.

Sasa, si kila gemu iliyofungiwa imefungiwa kwa namna moja. Mimi naona ziko namna tatu, na makosa ya mabishano mengi ni kuzichanganya.

Namna ya kwanza ni gemu ambayo kampuni imeitengeneza yenyewe, au imeilipia tangu jiwe la msingi. Mfano mzuri ni Bayonetta 2 ya mwaka 2014. Gemu ya kwanza ya jina hilo ilitolewa na Sega kwenye PlayStation 3 na Xbox 360. Ya pili ilikosa wa kuigharimia, mpaka Nintendo ilipotoa fedha, ikatoka kwenye mashine yake ya Wii U peke yake. Mashabiki wa mashine nyingine walilalamika sana. Lakini ukweli ni kwamba bila fedha za Nintendo wasingelikuwa na gemu ya kulalamikia. Aliyelima shamba hawezi kulaumiwa akivuna kwanza.

Namna ya pili ni gemu ya kampuni nyingine, ambayo ingetoka kwa wote, lakini mwenye mashine amefanya mapatano ili wengine wasubiri. Gemu ya Tomb Raider ya mwaka 2013 ilitoka kwenye PlayStation na Xbox kwa pamoja. Iliyofuata, Rise of the Tomb Raider, ilitoka Novemba 2015 kwenye Xbox peke yake, kwa mapatano na Microsoft. Mwenye PlayStation, aliyekuwa ameicheza ile ya kwanza na kuusubiri mwendelezo wa hadithi, alikaa karibu mwaka mzima, hadi Oktoba 2016. Sony nayo si malaika. Final Fantasy XVI ilitoka kwenye PlayStation 5 Juni 2023, na wenye Xbox wakaipata Juni 2025, miaka miwili baadaye. Katika mapatano ya namna hii, mchezaji mmoja hapati zaidi ya alichokuwa apate. Kilichonunuliwa ni kungoja kwa mwenzake.

Namna ya tatu ni nzito zaidi, nayo ni kununua nyumba nzima ya watengenezaji ambao tayari walikuwa wakiuza kwa kila mtu. Kampuni ya Bethesda ilitoa gemu ya Skyrim mwaka 2011, ikachezwa kwenye PlayStation, Xbox na kompyuta. Mwaka 2021 Microsoft iliinunua kampuni mama ya Bethesda kwa dola bilioni 7.5. Gemu yake kubwa iliyofuata, Starfield, ilipotoka Septemba 2023, ilitoka kwenye Xbox na kompyuta, na wenye PlayStation wakaachwa nje. Ni sawa na tajiri kukinunua kisima ambacho kijiji kizima kilikuwa kikichota maji, kisha akakizungushia ua.

Ndiyo maana Microsoft ilipotangaza Januari 2022 kwamba itainunua Activision Blizzard kwa dola bilioni 68.7, serikali ziliingilia kati. Activision hiyo, iliyotokana na wale walioihama Atari, ndiyo yenye gemu ya Call of Duty, moja ya gemu zinazouzwa sana duniani. Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani ilikwenda mahakamani kuzuia ununuzi huo, ikashindwa Julai 2023. Mwezi huo huo Microsoft na Sony zilitia saini mapatano ya miaka kumi ya kuibakiza Call of Duty kwenye PlayStation. Ununuzi ulikamilika Oktoba 2023.

Katika kesi hiyo mkuu wa Microsoft, Satya Nadella, alisema kwamba yeye binafsi angependa gemu za kufungiwa zikome, lakini mshindani mkubwa, yaani Sony, ndiye aliyeujenga ushindani wa namna hiyo. Maneno hayo yalisemwa Juni 2023, miezi michache tu kabla ya Starfield kutoka. Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake.

Je, mbona sasa kampuni zinalegeza? Jibu ni gharama. Hati zilizowekwa mahakamani katika kesi hiyo hiyo zilifichua kwamba The Last of Us Part II, gemu ya Sony ya mwaka 2020, iligharimu kiasi cha dola milioni 220 kutengenezwa. Ukitumia fedha za namna hiyo, wanunuzi wa mashine moja huenda wasitoshe kuzirudisha. Kuanzia 2020 Sony ilianza kupeleka baadhi ya gemu zake kubwa kwenye kompyuta, na Agosti 2025 ilipeleka Helldivers 2 mpaka kwenye Xbox. Microsoft nayo ilianza mwaka 2024 kwa kupeleka kwa washindani wake gemu nne, Sea of Thieves ikiwemo.

Nintendo haijayumba. Lakini hata mfano wake una funzo. Mwaka 2014 ilitoa Mario Kart 8 kwenye Wii U, mashine iliyouzwa kiasi cha milioni 13 na nusu tu. Gemu hiyo hiyo ilipohamishiwa Switch mwaka 2017, iliuzwa nakala zaidi ya milioni 60. Wakati wote ule kazi ya mafundi ilikuwa nzuri vile vile. Ilikuwa imefungiwa katika nyumba isiyo na wageni.

Hapana budi niwe mkweli kwa upande wa pili pia. Baada ya Microsoft kuanza kuzitoa gemu zake nje, mapato ya mashine za Xbox yaliendelea kushuka katika mwaka 2024 na 2025. Sababu ni zaidi ya moja, lakini swali la mnunuzi ni la haki: kama gemu zote nitazipata kwa jirani, kwa nini ninunue mashine hii? Na zikibaki kampuni mbili au moja, hakuna atakayeihimiza ishushe bei. Kwa hiyo anayetaka makufuli yote yavunjwe leo ajue kwamba huenda kesho akabaki na muuzaji mmoja.

Lakini yuko mtu ambaye hesabu hizi zote hazimtaji, naye ni mchezaji mwenye uwezo wa mashine moja tu. Katika vibanda vya gemu vya mitaani kwetu, ambako vijana hulipia kwa mechi, mwenye kibanda hununua mashine kwa kudunduliza. Bahati yake ni kwamba gemu ya mpira wa miguu ya Electronic Arts, iliyoitwa FIFA na tangu 2023 ikaitwa EA Sports FC, haikufungiwa mashine moja. Akikosa hii, atanunua ile, na wateja watakuja. Tufikirie ingekuwaje kama kampuni moja ingeinunua gemu hiyo na kuifungia.

Kufuli hutenganisha hata marafiki. Hadi Septemba 2018 Sony ilikataa wenye PlayStation wasicheze Fortnite pamoja na wenye Xbox au Switch, ingawa gemu ni ile ile na mitambo iliwezesha. Watoto wawili wa mtaa mmoja walizuiwa kucheza pamoja kwa sababu wazazi wao walinunua maboksi yenye nembo tofauti.

Tena liko suala la kesho. Mashine hufa. Machi 27, 2023 Nintendo ilifunga duka la mtandaoni la Wii U na la mashine ya mkononi ya 3DS. Gemu zilizokuwa zikiuzwa humo peke yake hazinunuliki tena. Mwaka huo huo Video Game History Foundation, taasisi ya Marekani inayohifadhi historia ya michezo hiyo, ilieleza kwamba asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotoka Marekani kabla ya 2010 hazipo tena sokoni. Kitabu cha mchapishaji aliyefilisika bado kinasomeka. Gemu iliyofungiwa mashine moja huzikwa pamoja na mashine yake.

Kwa maoni yangu, basi, njia ya haki ni hii. Aliyeigharimia gemu tangu mwanzo aachwe aitumie kama chambo chake, lakini kwa muda, mwaka mmoja au miwili, kisha aifungue. Kulipa ili jirani anyimwe kitu ambacho tayari kilikuwa njiani kumfikia, hilo likome. Anayenunua nyumba iliyokuwa ikiuzia watu wote asiwafungie mlango wateja aliowakuta. Na mashine inapostaafishwa, gemu zake zihamishiwe mahali zinapoweza kuchezwa.

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kampuni yenye mashine bora, ya bei nafuu na isiyoharibika haraka, itapata wanunuzi hata kama gemu ziko kote. Redio yako, msikilizaji, uliichagua kwa sauti yake safi na kwa betri zinazodumu, na mimi unanisikia humo bila mtu kukuuliza ni ya kampuni gani. Nao vijana wetu wanastahili kuzichagua mashine zao kwa uhuru huo huo.

Panapo majaaliwa, tukutane tena wiki ijayo.