Mkono una nguvu, lakini kazi umeisahau

Ami yangu ameshona kanzu Mji wa Kale, Mombasa, kwa zaidi ya miaka 30. Mwaka jana alipata kiharusi. Mkono wa kulia ulilegea, wa kushoto ukabaki na nguvu zake. Lakini alipopewa mswaki, aliupeleka kichwani kama chanuo. Alipopewa kijiko, alikishika upande wa kuchotea. Jirani mmoja alisema ni jini. Mwingine alisema mzee anadeka. Mimi mwenyewe, Mwenyezi Mungu anisamehe, nilimkaripia.

Asubuhi moja nilimwomba anionyeshe mtu anavyonawa uso, akashindwa. Alasiri ikaadhiniwa, akaenda bombani akanawa uso kwa udhu bila kuelekezwa. Hapo nikajua hakuna kudeka. Nilipomsimulia mtaalamu, akaniambia hali hii huitwa apraksia.

Daktari Hugo Liepmann wa Ujerumani aliieleza tangu mwaka 1900. Kwa watu wengi, upande wa kushoto wa ubongo ndio unaotunza mpango wa kazi za mikono yote miwili. Ukiumia, hata mkono mzima hukosa pa kuanzia. Misuli ipo na nia ipo, ila mpango umevurugika. Na kazi ya mazoea, kwa wakati wake na mahali pake, huenda ikaja yenyewe, ilhali ile ya kuamrishwa hukataa.

Je, mgonjwa hufunzika? Hufunzika. Mwaka 1998, Georg Goldenberg na Sonja Hagmann wa mjini Munich walieleza walivyowafunza wagonjwa kazi chache za kila siku, kama kupaka mkate siagi na kuvaa fulana. Mfunzaji alishika mkono wa mgonjwa wakatenda pamoja, ili asikosee, kisha akapunguza msaada kidogo kidogo. Wagonjwa waliendelea vizuri. Lakini aliyefunzwa kazi moja hakuijua nyingine kwa sababu hiyo, na baada ya miezi, waliodumu na mafunzo ni wale walioendelea kuyatenda nyumbani.

Hapo ndipo sisi jamaa tunapokosea. Kwa mapenzi tunamlisha mgonjwa, tunamvisha, tunamwosha, na mkono unazidi kusahau.

Ndugu msomaji, ukiwa na mgonjwa kama huyu, mtafute mtaalamu wa kufunza shughuli za nyumbani. Kisha chagueni kazi moja. Tumia kifaa chenyewe, mahali pake, saa yake. Kaa ubavuni pake, umshike mkono, maneno yawe machache. Ondoa vitu visivyohitajika mezani. Wembe, kisu na birika la moto viwe mbali naye.

Sisi tulianza na kijiko, kila chakula, kila siku. Ilituchukua wiki nyingi. Leo Ami anakula mwenyewe, na sasa tuko kwenye mswaki. Sindano bado. Lakini tangu siku ile ya bombani, nyumbani kwetu hakuna tena anayemkaripia.