Dar es Salaam Hadi Jeddah: Je, Hukumu ya Safari Hufuata Masafa au Saa?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Ahli zake na Sahaba zake.

Ndugu zetu wa Mbagala, Tandika na Tegeta wanaojiandaa na Umra hutuuliza: mtu anayepanda ndege na kuteremka Jeddah kabla hajachoka, je, naye ni msafiri wa kupunguza Swala?

Kwanza tuijue safari yenyewe. Kutoka Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere, Kipawa, hadi Uwanja wa Mfalme Abdulaziz, Jeddah, ni kiasi cha km 3,170. Miji hii imekaa karibu kwenye mstari mmoja wa kaskazini na kusini, na saa zake ni sawa. Ndege isiyotua njiani huchukua kati ya saa nne na tano. Wazee wetu wa majahazi walingoja kwanza pepo za kusi, kisha wakakaa baharini wiki nyingi.

Ama hukumu, kwa madhehebu ya Imam Shafi masafa ya kupunguza Swala ni marhala mbili, nazo hukadiriwa kuwa baina ya km 81 na 89. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277), ameeleza katika Minhaj kwamba masafa ya baharini ni kama ya nchi kavu, hata msafiri akiyamaliza kwa muda mfupi. Basi kinachopimwa ni masafa, si saa wala uchovu. Abiria wa Jeddah ni msafiri bila shaka.

Hata hivyo, kuna mambo mawili ya kuzingatia.

La kwanza, ruhusa huanza mtu akishatoka katika majengo ya mji wake. Mkazi wa Temeke au Kinondoni akiwa Kipawa bado yumo mjini, hivyo adhuhuri ataiswali rakaa nne. Na akinuia kukaa Makka siku nne kamili, bila ya siku ya kuingia na ya kutoka, ruhusa humwondokea anapofika huko.

La pili ni miqati, na hapa ndipo kasi inapowaponza wengi. Wapo wanazuoni walioruhusu kuhirimia Jeddah. Lakini Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Amman mwaka 1986, iliamua kwamba abiria wa ndege ahirimie anapokuwa juu ya miqati au usawa wake. Kwa anayetoka kusini, usawa huo ni wa Yalamlam, nao hufikiwa kabla ya kutua. Ndege ikiwa angani hukata takriban km 14 kwa dakika moja, hivyo aliyesinzia kidogo huamka miqati imeshampita. Asiporudi miqati, itampasa kuchinja.

Kwa hiyo tunashauri nguo za ihramu zivaliwe nyumbani au Kipawa, na nia iwekwe litolewapo tangazo ndani ya ndege. Anayehofia kupitiwa na usingizi atangulize nia, kwani kuhirimia kabla ya miqati kunasihi, na kuipita bila ya ihramu ndiko kwenye makosa.

Wallahu a'lam.