Kibao cha Mtetemo: Paja Linakazwa, Moyo Unaguswa Tu

Kwenye jimu nyingi za mjini utaikuta pembeni: mashine yenye kibao kipana cha kusimamia na mkono wa kushika. Ikiwashwa, inatetemeka mpaka mashavu yanacheza. Wauzaji hupenda kusema dakika kumi juu yake zinatosha badala ya saa nzima ya mazoezi. Hapo wamepiga chumvi, lakini si kwamba mashine haina kazi.

Ndani ya msuli mna vihisio vinavyopima msuli umevutika kiasi gani. Ukivutwa ghafla, vinapeleka habari kwenye uti wa mgongo, na amri ya kujikaza inarudi bila kusubiri ubongo. Daktari anapokugonga chini ya goti kwa kinyundo, ndicho anachokitafuta. Sasa kibao kikitetemeka mara 30 kwa sekunde, misuli ya mguu inavutwa na kujikaza tena na tena, wewe hujaamua lolote. Na usidharau udogo wa mwendo wenyewe: milimita 2 tu juu na 2 chini, kwa kasi hiyo, zinatoa mchapuko unaozidi mara 7 ule wa mvutano wa dunia. Ndiyo maana unaambiwa ukunje magoti. Goti lililokunjwa linaumeza mtetemo. Ukisimama umenyoosha miguu, mtetemo unapanda hadi kichwani, ambako hauna faida yoyote.

Watafiti wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha mwaka 2003 jaribio la wiki 12 kwa wasichana wasio na mazoea ya mazoezi. Waliofanya mazoezi juu ya kibao waliongeza nguvu ya kunyoosha goti kwa takriban asilimia 16, karibu sawa na wenzao waliotumia vyuma. Kilichonivutia zaidi ni kundi la tatu: walipandishwa kwenye mashine iliyonguruma vizuri lakini ikawatekenya nyayo tu. Hawakuongeza nguvu. Ila kumbuka, hao hawakuwa wanamichezo. Kwa mtu ambaye tayari anachuchumaa na vyuma begani, nyongeza ni ndogo.

Moyo una hesabu nyingine. Juu ya kibao mapigo hupanda, na oksijeni unayotumia hukaribia ya mtu anayetembea mwendo wa kawaida. Si haba kwa mzee ambaye magoti hayamruhusu kutembea mbali. Kwa kijana anayejiandaa na mbio, ni kama hajaanza. Baadhi ya tafiti zimeona ateri zikilainika baada ya mazoezi haya, na damu ikipita kwa wingi zaidi miguuni. Zilihusu watu wachache, kwa hiyo mwenye presha asije akaacha vidonge vyake kwa sababu hiyo.

Dereva wa lori naye anatetemeka, tena kutwa nzima, na anachopata ni maumivu ya mgongo. Tofauti ni kwamba yeye ameketi, mtetemo wake ni wa polepole, ule unaoutikisa uti wa mgongo hasa, na unadumu kwa saa nyingi. Kibao ni sekunde 30 hadi 60, unapumzika, unarudia mara chache.

Mjamzito, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, mwenye vijiwe vya figo au kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, asipande bila ruhusa ya daktari. Mwenye damu iliyoganda mguuni asikisogelee kabisa: bonge likichomoka, linaweza kukwama mapafuni.